Halali Dukani, Haramu Kwenye Pasipoti

Witeithie, kati ya Juja na Thika, ni mji wa nyumba za kupanga: wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi wa vyuo vikuu, na watu wanaoamkia matatu za alfajiri kwenda Nairobi. Kijana akishikwa hapo na misokoto miwili ya ndom, yaani bangi, njia yake inajulikana: kituo cha polisi, seli, kisha mahakama ya Thika au Ruiru. Jamaa yake aliyehamia Denver au Baltimore huingia duka lenye taa kali na mlinzi mlangoni, akaonyesha kitambulisho, akanunua mmea ule ule na kupewa risiti iliyokatwa kodi. Familia nyingi za ukanda huu zina mtu Marekani, kwa hiyo swali halikosi kuzuka: nikienda kumtembelea, nami nitaruhusiwa kununua?

Ndani ya swali hilo mna maswali manne. Je, duka litaniuzia? Nikishauziwa, nitavutia wapi? Nikivuka mpaka nayo, itakuwaje? Na siku afisa wa uhamiaji akiniuliza, nitajibu nini? Watu wengi huishia kwenye la kwanza, na hilo ndilo jepesi kuliko yote. Ruhusa ya kununua bangi hufungamana na mahali, ilhali adhabu humfuata mtu. Mgeni, kwa kuwa hana makao pale anaponunua, hupata ruhusa kidogo na kubeba hatari kubwa.

Mgeni machoni pa muuzaji

Majimbo ya Colorado na Washington yalipiga kura ya kuhalalisha bangi ya starehe Novemba 2012, na maduka ya Colorado yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Kufikia mwisho wa 2024, majimbo 24 ya Marekani yalikuwa yameruhusu watu wazima kutumia bangi bila cheti cha daktari. Katika majimbo hayo mnunuzi lazima awe ametimiza miaka 21. Muuzaji hana haja ya kujua umetoka wapi wala una viza gani. Anachotaka ni karatasi rasmi yenye picha na tarehe ya kuzaliwa. Kwa Mkenya, karatasi hiyo ni pasipoti.

Hata hivyo, mgeni hakuhesabiwa sawa na mwenyeji tangu mwanzo. Maduka ya Colorado yalipofunguliwa, mkazi aliweza kununua wakia moja, yaani kama gramu 28, na mgeni robo yake tu. Sababu ilikuwa hofu kwamba wageni wangezunguka duka hadi duka wakikusanya mzigo wa kuuza katika majimbo jirani. Majirani wenyewe walilalamika: Desemba 2014 Nebraska na Oklahoma ziliishtaki Colorado moja kwa moja katika Mahakama ya Juu ya Marekani, zikidai bangi yake inavuja mipakani na kuziongezea gharama za polisi na magereza. Machi 2016 mahakama hiyo ilikataa kuisikiliza kesi, na mwaka huo huo Colorado ikafuta tofauti ya kiasi kati ya mkazi na mgeni. Illinois ilipoanza kuuza Januari 2020 iliirudisha hesabu ile: gramu 30 za maua kwa mkazi, 15 kwa mgeni. Maryland, iliyofungua maduka Julai 2023, iliweka wakia moja na nusu kwa kila mtu mzima.

Nje ya Marekani, ukiiacha Canada, hesabu ni kali zaidi. Canada ilihalalisha Oktoba 2018, na mgeni aliyetimiza umri wa mkoa alipo hununua kama mwenyeji. Uruguay, iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha, mwaka 2013, huuzia raia na wakazi waliosajiliwa peke yao. Ujerumani iliruhusu bangi Aprili 2024, lakini haikufungua maduka. Iliruhusu vyama vya wakulima ambavyo mwanachama wake lazima awe ameishi nchini angalau miezi sita. Malta nayo ilichagua vyama vya wakazi. Uholanzi, ambako watu hudhani kila kitu ni ruksa, haijawahi kuihalalisha bangi madukani. Tangu miaka ya 1970 inaivumilia tu. Mji wa Maastricht hutaka mnunuzi awe mkazi wa nchi hiyo, na Amsterdam imeamua kutolitekeleza sharti hilo. Thailand iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, watalii wakamiminika, na kufikia Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kudai cheti cha daktari.

Ukizipanga nchi hizi unaona kambi mbili. Moja humwona mgeni kama mlipa kodi: anakuja, ananunua, anaacha dola. Nyingine humwona kama mlango wa magendo na chanzo cha ugomvi na majirani. Mkenya anayesafiri hana sauti katika mabishano hayo. La muhimu kwake ni kujua anaingia katika kambi ipi, kwa sababu jibu la Chicago halimfai aliye Berlin.

Baada ya risiti

Tuseme ameuziwa. Kwanza atagundua kuwa katika nchi inayolipa kila kitu kwa kadi, duka la bangi bado linataka noti. Bangi ni marufuku katika sheria ya shirikisho tangu 1970, ilipowekwa katika kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini, kwa hiyo benki nyingi huogopa fedha zake. Mwaka 2023 Mastercard iliziagiza taasisi zinazotumia mtandao wake kusitisha malipo hayo. Ndiyo maana maduka mengi yana mashine ya kutolea pesa ndani. Oregon ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuyazuia maduka kuhifadhi majina na taarifa za wanunuzi, kwa hofu kwamba serikali ya shirikisho ingeweza kuzitafuta siku moja. Jimbo linalouza bangi kwa leseni na risiti lilihisi haja ya kumficha mteja wake asionekane na serikali kuu. Mgeni akilielewa hilo, ameelewa nusu ya mambo.

Pili ni mahali pa kutumia. Mwenyeji huenda nyumbani kwake. Mgeni analala hotelini, ambako moshi hutozwa faini, au kwa jamaa ambaye mkataba wake wa kupanga unaweza kukataza. Barabarani na bustanini ni marufuku karibu kila jimbo. Mbuga za taifa ni ardhi ya shirikisho, hata zikiwa katikati ya Colorado. Hivyo mgeni anaweza kununua kwa halali kitu ambacho hana pahali halali pa kukitumia, na wengi hukimbilia biskuti na peremende zenye bangi kwa kuwa hazitoi moshi.

Hapo ndipo pana hatari ya mwili. Bangi ya kuvutwa huonyesha nguvu yake kwa dakika. Ya kuliwa huchukua nusu saa hadi saa mbili. Machi 2014, miezi mitatu tu baada ya maduka kufunguliwa, mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Kongo aliyekuwa akisoma Wyoming alikwenda Denver na wenzake kutembea. Kwa umri wake hakuruhusiwa kununua. Mwenzake mkubwa alinunua. Alikula kipande cha biskuti, akangoja, hakusikia kitu, akamaliza iliyobaki. Biskuti nzima ilikuwa na miligramu 65 za THC, kemikali inayolevya ya bangi, zaidi ya vipimo sita vya mtu mmoja. Saa chache baadaye, akiwa amechanganyikiwa, aliruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne ya hoteli akafa. Mwaka uliofuata Colorado ilidai kila kipimo cha miligramu 10 kifungwe peke yake au kiwekewe alama ya kukikata. Kanuni hiyo ilizaliwa na kifo cha mgeni Mwafrika, na bado wageni ndio wanaohitaji zaidi kuisoma: mtu aliyezoea msokoto wa Juja hana kipimo chochote kichwani mwake cha kulinganisha na peremende.

Mpaka usio na kizuizi

Mkenya amezoea mpaka wenye geti: Namanga, Busia, Malaba. Mpaka wa majimbo ya Marekani hauna geti. Kansas City ni mji uliogawanywa na barabara. Upande wa Missouri bangi imeuzwa kwa watu wazima tangu Februari 2023, upande wa Kansas ni kosa la jinai. Lowell huko Massachusetts, mji wenye jamii kubwa ya Wakenya, uko mwendo mfupi wa gari kutoka New Hampshire, jimbo lisilo na duka hata moja la bangi ya starehe. Na Texas, ambako Wakenya wengi wanaishi eneo la Dallas, kuwa na chini ya wakia mbili za maua kunaweza kumfunga mtu hadi siku 180, huku mafuta ya bangi ya kuvutia kwenye kalamu za umeme yakiwa kosa kubwa zaidi, kiasi kiwe kidogo namna gani.

Tena, kuvuka na bangi kutoka jimbo linaloruhusu kwenda jingine linaloruhusu bado ni kosa la shirikisho. Risiti haisaidii kitu. Inathibitisha tu ulikonunua. Viwanja vya ndege vinaonyesha mkanganyiko wote huo kwa macho. Uwanja wa Las Vegas uliweka masanduku ya kijani mwaka 2018 ili msafiri atupe bangi yake kabla ya kukaguliwa, bila kuulizwa. Wakaguzi wa usalama wanasema kazi yao ni kutafuta silaha na mabomu, ila wakiikuta bangi humwita polisi wa hapo. Polisi wa Los Angeles akiitwa anaweza kukuachilia, kwa kuwa kiasi hicho ni halali California. Wa Dallas hatafanya hivyo.

Swali la afisa wa uhamiaji

Haya yote yanamhusu Mmarekani pia. Linalomtenga Mkenya ni sheria ya uhamiaji, ambayo ni ya shirikisho mwanzo hadi mwisho. Chini yake, asiye raia anaweza kunyimwa kuingia nchini kwa kosa la dawa za kulevya hata bila hukumu ya mahakama. Kukiri kwake mwenyewe kunaweza kutosha. Kwa hiyo jibu la kweli kwa swali la kawaida, "Umewahi kutumia bangi?", linaweza kumfungia mlango mtu ambaye hakuvunja sheria yoyote ya Colorado. Uongo nao una adhabu yake, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya kosa lenyewe. Njia pekee ya kulijibu swali hilo bila wasiwasi ni kutokuwa na la kujibu.

Hatari hutofautiana na karatasi. Mwenye viza ya kutembelea anaweza kurudishwa uwanjani. Mwanafunzi anaweza kukwama viza inapoisha akalazimika kuomba nyingine Nairobi, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wameagizwa kuziweka wazi akaunti zao za mitandao; picha ya kujigamba mbele ya duka la bangi ni ushahidi aliouandika mwenyewe. Mwombaji wa viza ya kuhamia hupimwa afya na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, jijini Nairobi, na daktari huuliza na kuangalia dalili za matumizi. Mwenye Green Card aliyerudi Kenya kumzika mzazi anaweza kuulizwa maswali yale yale akirejea. Anayeomba uraia anakabili mtihani wa tabia njema, na Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilieleza rasmi kwamba bangi inaweza kuuangusha mtihani huo hata kama ilikuwa halali katika jimbo. Maelezo hayo yaliwagusa pia wanaofanya kazi katika maduka hayo kwa leseni na kulipa kodi.

Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilipendekeza bangi ishushwe kutoka kundi la kwanza hadi la tatu. Wengi waliisoma habari hiyo kama mwisho wa marufuku. Kundi la tatu ni la dawa zinazohitaji cheti cha daktari na famasia. Duka la Denver linalouzia yeyote mwenye miaka 21 halimo humo. Kwa asiye raia, mabadiliko hayo hayafuti kosa.

Kisha kuna kazi. Wakenya wengi Marekani ni madereva wa malori na wahudumu wa afya, na kazi hizo hupima mkojo. Kanuni za uchukuzi za shirikisho hazikubali udhuru wa sheria ya jimbo: tangu Januari 2020 dereva anayepatikana na THC huingizwa katika daftari la kitaifa ambalo kila mwajiri lazima alitazame. Chembe za bangi hubaki mwilini siku nyingi baada ya ulevi wake kuisha, wiki kadhaa kwa mtumiaji wa kila siku. Mtu anaweza kuvuta Jumamosi akiwa mapumzikoni Denver na kupoteza lori lake wiki inayofuata akiwa Atlanta, akili yake ikiwa safi kabisa.

Hatari haiishii Marekani. Safari nyingi za Nairobi hupitia Dubai au Doha, na katika Falme za Kiarabu dawa iliyomo ndani ya damu inaweza kuhesabiwa kama dawa iliyomo mfukoni. Mwaka 2022 Urusi ilimhukumu mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani Brittney Griner miaka tisa gerezani kwa kiasi kidogo cha mafuta ya bangi kilichokutwa katika mizigo yake, kabla hajaachiliwa Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Yeye alikuwa na serikali yenye nguvu ya kumpigania.

Tumeyaona haya kwa miraa

Mkenya anayeshangaa kwamba mmea mmoja unaweza kuwa halali hapa na haramu pale, asishangae sana. Miraa ya Meru na muguka wa Embu huuzwa hadharani katika kila stendi ya matatu kati ya Ruiru na Thika. Ukifika Tanzania unaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya. Uholanzi iliupiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na wafanyabiashara wa Igembe wakapoteza soko kwa tangazo la mbali. Marekani kemikali yake, kathinoni, imo katika kundi la kwanza tangu 1993, pamoja na bangi ile ile inayouzwa Denver. Mkulima wa mji wa Maua, Meru, akimpelekea mwanawe Minneapolis kifurushi cha zawadi, anamtumia kosa la jinai.

Hata ndani ya Kenya jambo hili limejaribiwa. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo, na serikali kuu ikashikilia kwamba zao linalotambuliwa na sheria ya taifa haliwezi kukataliwa na kaunti. Hapo pana tofauti yetu na Marekani. Katiba ya 2010 inazipa kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya, lakini sheria ya jinai imeachwa mikononi mwa serikali ya taifa. Kiambu haiwezi kuigeuza Thika kuwa Denver, hata wakazi wake wote wakitaka.

Ukirudi nyumbani

Sheria ya Kenya ya 1994 iliweka hadi miaka kumi kwa mtu aliyekutwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yalipunguza adhabu hiyo: kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ulanguzi ni kosa jingine, na unaweza kumfunga mtu maisha. Sheria hiyo haimtofautishi aliyenunua Maryland kwa risiti na aliyenunua kwenye base ya Witeithie. Peremende iliyosahaulika ndani ya begi ikipita uwanja wa Jomo Kenyatta si zawadi ya ng'ambo. Ni bangi iliyoingizwa nchini, na sheria inaweza kuisoma hivyo.

Mijadala ya kubadilisha mambo ipo. Mbunge wa Kibra Ken Okoth alipendekeza mswada mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliitambua Rastafari kuwa dini katika kesi ya mwanafunzi wa Kibra, na 2021 Marasta wakaenda mahakamani kudai haki ya kuitumia bangi katika ibada. George Wajackoyah aliifanya ajenda ya urais 2022 na kupata chini ya asilimia moja ya kura. Ukitazama nchi nyingine za Afrika, mlango unaofunguka kwanza ni wa biashara kubwa: Rwanda iliweka kanuni mwaka 2021 za kulima bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, huku mtumiaji wa Kigali akibaki mhalifu. Mlango wa pili ni ule wa Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba iliruhusu matumizi ya faragha mwaka 2018 na sheria ikasainiwa Mei 2024: panda kwako, tumia kwako, usiuze. Milango yote miwili haina duka. Kwa hiyo hata Kenya ikilegeza kesho, mgeni wa Arusha au Kampala anayeshuka Ruiru huenda asipate pa kununua.

Sasa tulijibu swali la jamaa wa Witeithie. Ndiyo, Denver au Baltimore utauziwa ukiwa na pasipoti na miaka 21. Lakini anayeweza kununua kwa usalama zaidi ni raia wa Marekani, anayeishi katika jimbo hilo, mwenye nyumba yake, asiyepimwa kazini na asiyekusudia kusafiri karibuni. Ondoa sifa moja, hatari inapanda. Mgeni kutoka Kenya anazikosa karibu zote kwa pamoja. Anayengoja viza, Green Card au uraia ana jambo moja la busara la kufanya: aache mpaka ashike karatasi hiyo mkononi, na jamaa anayemkaribisha amweleze hivyo kabla ya kumpeleka dukani. Bei iliyoandikwa kwenye risiti ni dola chache. Ya viza iliyofutwa hulipwa na ukoo mzima uliouza shamba ili mtu mmoja asafiri.